Rejeta ya nje: mnunuzi apime joto kabla ya kupima bei

MSIMU wa alizeti unapowadia mkoani Singida, kati ya Mei na Julai, mazungumzo ya wafanyabiashara huwa juu ya mambo mawili: bei ya gunia la mbegu na bei ya dumu la mafuta. Lipo jambo la tatu ambalo huamua ni nani atakayebaki na faida ifikapo Septemba, nalo halizungumzwi sokoni kabisa. Jambo hilo ni maji yanayopoza injini.

Katika vijiji vya Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni bado zipo mashine za kukamua na za kusaga zinazoendeshwa kwa injini za dizeli. Mwenye mtaji mdogo anapokwenda kununua injini huuliza nguvu yake, nchi ilikotengenezwa, upatikanaji wa vipuri, na ulaji wake wa dizeli. Maswali hayo yote ni ya maana. Lakini chombo cha kupozea hununuliwa kwa chenji iliyobaki: pipa kuukuu la lita 200, vipande viwili vya mpira na waya wa kufungia. Mtu aliyelipa mamilioni kwa injini huona uchungu kulipa laki chache kwa rejeta. Matokeo yake huonekana katikati ya msimu, mbegu zikiwa zimejaa bandani na foleni ya wateja iko mlangoni, injini inapochemsha na kunoki.

Kosa hilo hilo sasa linaanza kuingia katika biashara nyingine isiyofanana kabisa na ukamuaji, yaani ile ya kompyuta kubwa zenye kadi nyingi za grafiki. Huko nako mnunuzi hulipia nguvu kwa moyo mkunjufu, na upozaji akauona kama nakshi. Ni vema basi mambo hayo mawili yakatazamwa kwa pamoja, kwa sababu hesabu yake ni moja.

Pipa lina kikomo

Injini ya dizeli haitumii mafuta yote kuzungusha mkanda. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja ya nguvu iliyomo katika dizeli huenda kwenye kazi, theluthi nyingine hutoka na moshi, na sehemu inayokaribia theluthi huingia katika maji ya kupozea. Ichukuliwe mfano wa injini ya Kichina ya silinda moja aina ya S195, yenye nguvu ya farasi 12, ambayo inafahamika sana vijijini. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hutoa takriban kilowati 9 kwenye mkanda. Maji yake hupokea joto la takriban kilowati 7. Hiyo ni sawa na hita saba za kilowati moja zilizotumbukizwa ndani ya pipa moja na kuachwa zikiwaka kutwa nzima.

Lita 200 za maji zikipandishwa kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 85 hunywa kilojuli 50,400. Kwa kilowati 7, pipa hilo linajaa joto kwa muda wa saa mbili kamili, iwapo halipotezi chochote. Kwa kweli pipa hupoteza joto kiasi kupitia ubavuni na kwa mvuke unaotoka juu, kwa hiyo muda huo hurefuka. Mwenye mashine anayewasha saa 2 asubuhi anaweza kufika saa 5 kabla maji hayajawa ya kutisha. Baada ya hapo ana njia tatu: kuzima na kungoja, kumwaga maji ya moto na kutia ya baridi, au kuendelea kwa kumtegemea Mungu. Wengi huchagua njia ya tatu, hasa siku ya mnada.

Wapo watakaosema kwamba pipa lilitumika miaka yote na injini zilidumu. Ni kweli, lakini injini zenyewe hazikuwa hizi. Injini ya Lister CS ya Kiingereza, iliyotengenezwa Dursley tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi 1987, na ambayo viwanda vya Rajkot nchini India viliiga kwa wingi, ilitoa nguvu ya farasi 6 kwa mizunguko 650 tu kwa dakika. Mzigo wake wa joto ulikuwa nusu ya ule wa S195. Maji yake yalizunguka yenyewe bila pampu, kwa sababu maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka, na pipa moja au mawili yaliitosha. Mtu aliyeuza Lister akanunua injini yenye nguvu maradufu, kisha akaifunga kwenye pipa lile lile, amebadilisha farasi lakini amebaki na ndoo ile ile ya kumnyweshea.

Injini nyingi za Kichina huja na tangi dogo la wazi juu ya injini, ambamo maji huachwa yachemke na kuondoka kama mvuke. Ni utaratibu rahisi na haukosi akili, kwani maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto jingi sana. Gharama yake imejificha kwenye maji yenyewe. Kuondoa kilowati 7 kwa mvuke peke yake kunahitaji karibu lita 11 kwa saa. Kwa siku ya saa nane ni lita 88, ambayo ni madumu manne na nusu ya lita 20. Msimu wa kukamua ni msimu wa kiangazi, na Singida mvua zake ni za mkupuo mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Hivyo maji hayo hununuliwa, au hubebwa na mtu anayelipwa, katika miezi ambayo kila dumu lina mwenyewe.

Halafu ipo chumvi. Singida inayo maziwa mawili ya chumvi pembeni mwa mji, Singidani na Kindai, na mkoa huu umo katika ukanda ambao maji ya ardhini yana madini mengi, yakiwemo ya floraidi. Maji yakiondoka kama mvuke huacha kila kilichoyeyuka ndani yake. Ichukuliwe maji ya kisima yenye gramu moja ya chumvi na chokaa kwa lita. Lita 88 kwa siku, kwa siku 60 za kazi, huacha zaidi ya kilo 5 za ukoko ndani ya injini na tangi, isipokuwa pale mwenye mashine anapomwaga na kusuuza mara kwa mara. Ukoko huo hujishika kwenye ukuta wa silinda, mahali penye joto kuliko pote, na hufanya kazi ya blanketi. Maji ya tangi yanaweza kuonekana ya kawaida huku chuma kilicho nyuma ya ukoko kikiungua. Fundi akifungua baadaye hulaumu oili, au ringi za bandia, au dereva wa mashine.

Mji wa Singida uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Maji ya tangi la wazi huchemka yakifika nyuzi 95 badala ya 100. Kwa mpishi wa maharage ni usumbufu mdogo, kwa mwenye injini ni nyuzi tano za usalama zilizopotea kabla hajawasha.

Rejeta inayofaa Singida

Rejeta iliyofungwa vizuri huondoa matatizo hayo karibu yote kwa mpigo mmoja. Maji yale yale huzunguka tena na tena, hivyo chumvi haiongezeki. Kifuniko chenye springi kikishikilia mgandamizo wa karibu baa 0.9, maji ya Singida hayachemki mpaka yapite nyuzi 115 hivi. Na kwa kuwa lita zinazohitajika ni chache, mwenye mashine anaweza kumudu kutia maji ya mvua aliyoyakinga kwenye simtanki mwezi Machi, pamoja na kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu. Singida hakuna barafu, kwa hiyo dawa ya kuzuia kuganda si hoja. Kinacholipiwa kwenye kulanti ni kinga ya kutu.

Hata hivyo si kila rejeta inafaa, na hapa ndipo wanunuzi wengi huumizwa. Karatasi za viwandani hueleza uwezo wa rejeta kwa hewa ya pwani. Katika mwinuko wa Singida hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Feni husukuma ujazo ule ule, lakini uzito wa hewa inayopita umepungua, na ni uzito huo unaobeba joto. Kwa kipimo rahisi cha kukumbuka, mita moja ya ujazo ya hewa kwa sekunde hubeba karibu kilowati 1.2 kwa kila nyuzi moja inayopanda ikiwa Dar es Salaam, na karibu kilowati 1 ikiwa Singida. Mnunuzi aongeze angalau sehemu moja katika tano juu ya ukubwa ulioandikwa kwenye karatasi, na muuzaji anayebisha jambo hilo aulizwe kama amewahi kuona lori likipanda Sekenke.

Mlima Sekenke, wilayani Iramba, ni shule ya rejeta. Malori yanayotoka upande wa Igunga na tambarare ya Wembere hupanda ukingo huo yakiwa kwenye gia ndogo, injini ikitoa nguvu zake zote huku upepo wa mwendo ukiwa haupo. Rejeta iliyoziba nusu inaweza kutoka Nzega bila kulalamika, ikaja kuumbuka hapo. Mashine ya kukamua iko Sekenke kutwa nzima. Haina mteremko wala mwendo wa kuipulizia, na haipumziki mpaka jioni. Ndiyo maana rejeta iliyokuwa ikitosheleza injini fulani ndani ya gari dogo inaweza isitosheleze injini ya nguvu hiyo hiyo ndani ya banda.

Kuhusu mapezi, ushauri wa kawaida wa wauzaji ni kwamba yakiwa mengi na yamesongamana ndiyo bora. Katika duka lenye hewa safi wako sahihi. Katika banda la alizeti kuna vumbi la barabara, makapi ya mbegu, na ukungu wa mafuta unaoyafanya hayo mawili yagande kama gundi. Mapezi yaliyosongamana huziba ndani ya siku chache, na mfanyakazi anayejaribu kuyachokoa kwa msumari huyalaza yote. Rejeta pana, nyembamba, yenye mapezi yaliyoachana, inayosafishika kwa ndoo ya maji ya sabuni na brashi laini kila Jumamosi, itaishinda ile nene na ya kisasa kabla mwezi haujaisha.

Lililo muhimu kuliko aina ya rejeta ni mahali inapokaa. Rejeta iliyofungwa mbele ya injini, ndani ya banda la mabati, huvuta hewa ambayo imekwisha kupashwa na injini yenyewe, na bomba la moshi, na bati la juu. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 28, ya ndani inaweza kuwa 40, na tofauti hiyo ya nyuzi 12 mwenye mashine ameilipia bure. Rejeta ikitolewa nje ya ukuta, ikawekwa chini ya kivuli cha upenu, upande ule upepo unakotokea na mbali na ekzosi, uwezo wake huongezeka bila kununua kitu chochote zaidi ya mabomba. Singida ni mkoa wa upepo kiasi kwamba mipango ya kuzalisha umeme wa upepo imekuwa ikitajwa hapo kwa miaka mingi. Feni isukume kwa kufuata upepo huo, isishindane nao.

Ukitoa rejeta nje, maji hayazunguki tena yenyewe kwa uhakika. Pampu ndogo ya mkanda itahitajika, na bomba lipande taratibu bila kuacha tumbo la hewa katikati. Gharama ya pampu iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Na hesabu yenyewe ni hii. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba rejeta, feni, pampu na mabomba vinazidi gharama ya pipa kwa shilingi 700,000. Mwenye pipa anasimamisha injini saa moja na nusu kila siku ili maji yapoe, kwa siku 60 za msimu. Hizo ni saa 90. Kama kila saa ya kukamua inamwingizia shilingi 10,000 baada ya kutoa dizeli na kibarua, amepoteza shilingi 900,000 msimu wa kwanza, achilia mbali mashudu ambayo katika mashine nyingi hubaki kwa mwenye mashine na kuuzwa kwa wafugaji. Rejeta imejilipa kabla ya mwaka kuisha, na hapo injini haijafunguliwa. Kila mtu aweke tarakimu zake mahali pa hizo, lakini safu ya saa zilizopotea asiiache wazi. Mteja aliyekuta injini imezimwa hasubiri, huenda kwa jirani au hupeleka mbegu kwa kiwanda kikubwa mjini.

Ni haki pia kusema jambo ambalo wauzaji wa rejeta hawatalisema. Kijiji ambacho nguzo za TANESCO zimefika, na umeme wa njia tatu unapatikana, hakina sababu ya kununua injini wala rejeta kwa ajili ya kinu. Mota ya umeme hujipoza kwa feni yake ndogo. Laini kubwa ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga inapita Singida, na mradi wa Julius Nyerere wa megawati 2,115 ulianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Mwekezaji anayefikiria miaka kumi ijayo aulize kwanza lini nguzo zitafika kwake.

Mashine mpya, hesabu ya zamani

Umeme huo huo ndio unaoleta mteja wa pili wa rejeta. Mwenye studio ya video, mpima ardhi anayeunganisha picha za droni kuwa ramani, au kijana anayefanya kazi za akili unde, anaweza kufikia uamuzi wa kujenga kompyuta moja yenye kadi tatu au nne za grafiki. Kadi ya RTX 3090 iliyotoka mwaka 2020 hula wati 350. RTX 4090 ya mwaka 2022 hula 450, na RTX 5090 ya mwaka 2025 imefika 575. Kadi nne za wati 450, pamoja na prosesa na vinginevyo, zinafanya kilowati 2.1. Tofauti na injini, kompyuta haina theluthi inayokwenda kwenye mkanda. Karibu umeme wote unaoingia hugeuka joto, na joto hilo hubaki chumbani.

Chumba cha mita 3 kwa 4 kilichofungwa madirisha kwa ajili ya vumbi kina hewa ya mita za ujazo 32 hivi. Kama kuta hazingenyonya chochote, kilowati 2.1 zingepandisha hewa hiyo nyuzi moja kila baada ya sekunde 15. Kuta hunyonya, ndiyo, lakini mpaka mchana zimeshiba. Kadi nyingi hujipunguzia kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 83 hadi 90, kwa hiyo mwenye kompyuta hapati moshi wala kelele za kumwonya. Kazi iliyokuwa ya saa sita inakuwa ya saa nane, na yeye hulaumu programu. Ni hasara ya kimya, na kwa mtazamo wa mizania ni mbaya kuliko ya injini iliyonoki, ambayo angalau mtu huiona.

Wengi hukimbilia kiyoyozi. Kiyoyozi cha kawaida kikiondoa kilowati 2.1 za joto kitakula karibu wati 700. Kwa saa nane ni yuniti 5.6 za LUKU kila siku, juu ya yuniti karibu 17 za kompyuta yenyewe. Maji yakipelekwa kwenye rejeta iliyo nje ya ukuta, pampu na feni tisa kwa pamoja hula kama wati 40, chini ya nusu yuniti kwa siku. Joto halikuingia chumbani, kwa hiyo hakuna wa kulipwa kulitoa.

Katika soko la dunia zipo rejeta za nje zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Mojawapo inayojulikana ni MO-RA3 ya kampuni ya Kijerumani ya Watercool, ambayo kwa ukubwa wa 420 hubeba feni tisa za milimita 140. Swali ni kama moja inatosha kwa kadi nne. Kanuni wanayoitumia mafundi wengi ni wati 100 hadi 150 kwa kila nafasi ya feni ya milimita 120, ikiwa mtu anataka maji yasizidi hewa kwa zaidi ya nyuzi 10. Kwa kilowati 2.1 hilo lingedai nafasi 14 hadi 21. Rejeta moja ya feni tisa, hata zikiwa za 140, itafanya kazi, ila maji yatakuwa juu ya hewa kwa nyuzi 20 au zaidi, na hewa nyepesi ya Singida itaongeza kidogo. Siku ya Oktoba yenye nyuzi 31, maji yatakaribia au kupita nyuzi 50. Pampu maarufu ya D5 imewekewa kikomo cha nyuzi 60 za maji. Nafasi iliyobaki ni finyu mno kwa mashine ya biashara, na wiki mbili za vumbi kwenye mapezi zinatosha kuimaliza. Kwa kadi mbili, rejeta moja. Kwa nne, zinunuliwe mbili, au mwekezaji apunguze kikomo cha umeme cha kila kadi kwa programu, hatua ambayo mara nyingi hupunguza wati nyingi kwa hasara ndogo ya kasi na haigharimu hata senti.

Pampu yenyewe isinunuliwe kwa sifa. Lita moja kwa dakika ikibeba kilowati 2.1 hupanda nyuzi 30 kutoka inapoingia hadi inapotoka, na kadi ya mwisho kwenye mstari ndiyo itakayoumia. Lita nne kwa dakika hushusha tofauti hiyo hadi nyuzi 7 au 8. Zaidi ya hapo faida ni ndogo.

Fundi mwerevu wa Singida atauliza kwa nini asifunge rejeta ya gari, iliyojaa tele kwenye chuma chakavu. Wazo si geni. Wapenzi wa kompyuta wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitumia rejeta ndogo za hita za magari, zikiwemo za Pontiac Bonneville, kabla viwanda havijawatengenezea za kwao. Tatizo liko kwenye madini. Vibamba vinavyokaa juu ya kadi ni vya shaba, au shaba iliyopakwa nikeli. Rejeta za magari ya siku hizi ni za alumini zenye matangi ya plastiki. Shaba na alumini zikikutana ndani ya maji mamoja hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe hujaa kwenye mifereji myembamba ya kibamba, kisha siku moja rejeta hutoboka. Rejeta ya zamani ya lori, ya shaba na shaba nyeupe, haina ugomvi huo, mradi isafishwe kutu yote ya injini iliyotoka. Maji yawe yaliyotoneshwa, yenye dawa ya kutu, na anayeagiza maji ya betri dukani ahakikishe hajapewa asidi.

Upozaji wa maji si anasa ya vijana. Mtambo wa GB200 NVL72 uliotangazwa na Nvidia mwaka 2024, wenye chip 72 katika kabati moja na ulaji wa karibu kilowati 120, umeundwa tangu mwanzo kupozwa kwa maji, kwani hewa haiwezi tena. Mwenye kadi nne anafuata njia hiyo hiyo kwa udogo wake.

Jambo moja la tahadhari kwa wawekezaji wadogo. Kadi kuukuu zilizofurika sokoni baada ya sarafu ya Ethereum kuacha uchimbaji wa kadi mnamo Septemba 2022 zinaweza kuwa na bei ya kuvutia, na anayeziuza anaweza kuongeza hadithi ya sarafu za mtandaoni. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la tahadhari kuhusu sarafu hizo Novemba 2019, na sheria ya fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Anayenunua mashine anunue kwa ajili ya kazi ambayo mteja wake anamjua kwa jina.

Kwa atakayekwenda gereji au kwenye chuma chakavu kutafuta rejeta, iwe ya kinu au ya kompyuta, majaribio mawili yafanyike kabla pesa haijatoka mfukoni. La kwanza, rejeta isimamishwe, ijazwe maji kwa ndoo huku tundu la chini limezibwa kwa kiganja, kisha kiganja kiondolewe. Maji yatoke kwa kishindo, si kwa kudondoka. La pili, itiwe maji ya moto na mkono upitishwe juu ya mapezi kutoka kona hadi kona. Mahali palipobaki pa baridi ni mrija ulioziba, mara nyingi kwa ule unga wa kuziba matundu ambao mwenye gari wa kwanza aliumimina ili afike Singida. Rejeta yenye zaidi ya viraka viwili vya baridi irudishwe palepale, hata muuzaji akishusha bei kwa nusu.